Murudie Sasa

Kitabu kilifika Kirolirwe, huku kwetu Masisi, kikiwa kimefungwa ndani ya vitambaa vipya vya kuchujia maziwa, na mimi, kwa jinsi nilivyo, nilifurahia vitambaa kwanza. Natengeneza jibini tangu usichana wangu, ile ambayo huku sote tunaiita fromaji, na kitambaa kizuri kwangu kinapita kitenge cha sikukuu. Kitabu nilikitazama baada ya kuvikunja vyote na kuviweka mahali pakavu. Kilikuwa kinene, cha Kifaransa, mkusanyiko wa maandishi ya wasafiri waliopita kwenye milima mbalimbali ya dunia. Kila sura ilikuwa na mwandishi wake na mlima wake.

Aliyekituma alikuwa mama mmoja wa Uswisi, mtengeneza jibini kama mimi, aliyewahi kuja Masisi kwa mafunzo ya siku chache. Alionja fromaji yangu, akaonja tena. Sitajifanya mnyenyekevu: nilijua ni nzuri kabla hajafungua kinywa. Aliporudi kwao, yeye na wenzake wa bonde lile wakanialika nikakae nao kipindi cha kiangazi, wakati ng'ombe wanapopandishwa juu milimani, nione wanavyofanya nao waone ninavyofanya. Kitabu kilikuwa cha kunitayarisha. Ndani yake, aliniambia, nitakuta sura kuhusu milima yao na nyingine kuhusu milima ya wengine, ili nisijione kwamba ni mimi tu niliyewahi kuwa mgeni.

Basi nikajiandaa kama mtu anayengoja mtihani wa Serikali. Nilisoma huku maziwa yakipata moto, mkono mmoja kwenye mwiko, mwingine kwenye ukurasa, na mpaka leo ukikinusa kitabu hicho utasikia harufu ya maziwa. Msafiri mmoja aliandika kwamba kule treni haimngoji mtu, nami nikaanza kufika kazini mapema kiasi kwamba mlinzi aliniuliza kama nimekosana na mume wangu. Mwingine aliandika kuhusu meza zao, jinsi wanavyokata kila kitu kwa kisu, hata kile ambacho mkono ungekimaliza haraka. Nikafanya mazoezi ya kisu na uma juu ya bugali. Wanangu walicheka mpaka wakaacha kula, na mimi nikala sehemu yao pia, kwa kisu na uma.

Wa tatu ndiye aliyenitia wasiwasi. Aliandika kwamba watu wa bonde lile ni wakavu. Alitembea kwenye vijia vyao kutwa nzima wala hakuna aliyempa salamu. Tena wenyeji wake walimuaga mlangoni, mlango ukafungwa, na kabla hajafika barabarani akasikia ufunguo ukizungushwa. Nilimwamini neno kwa neno. Nikaanza kuhisi baridi ya watu hao nikiwa bado Kirolirwe, moto uko mbele yangu. Nilijiambia kwamba nitavumilia, kwa kuwa naenda kwa ajili ya fromaji, siendi kutafuta mapenzi.

Sura kuhusu sisi ilikuwa karibu na mwisho wa kitabu. Lakini kabla sijafika huko, lazima nieleze jambo ambalo kwetu hakuna anayelieleza, maana mtoto analijua kabla hajajua kusali.

Mgeni akiondoka kwetu, hatumwachi mlangoni. Tunamsindikiza. Tunatembea naye, tunambebea mzigo, tunaongea au tunanyamaza, na ni mgeni mwenyewe anayetufungua. Akiona imetosha anasimama, anageuka, anatutazama, anasema, "Murudie sasa," yaani rudini nyumbani. Hapo tunapeana mikono na kila mtu anashika njia yake. Asiposema, hatuwezi kurudi. Kumwacha mgeni katikati ya njia kabla hajalisema neno hilo ni kumfukuza. Mgeni mwenye adabu hulisema mapema. Mwenye mapenzi huchelewa kidogo, lakini si sana, kwa sababu anajua tumeacha kazi nyumbani.

Na nyumbani kwetu, kwenye mlima ulio juu ya Kirotshe, unaotazama ziwa, tulikuwa na hadithi ya siku ambayo neno halikusemwa. Koko wangu, mama mzazi wa baba yangu, ndiye aliyeisimulia. Zamani za ukoloni muzungu mmoja alilala kwao. Akapewa mihogo na maharage, akapewa kitanda cha wenye nyumba, na asubuhi akaanza kushuka kwenda ziwani ambako mtumbwi ulikuwa ukimngoja. Koko, mume wake na majirani wakamsindikiza. Wakafika kwenye kijito ambapo wageni wote husimama, yeye akavuka tu. Wakafika njia panda, akapita. Koko alikuwa na mtoto mgongoni, na nyumbani alikuwa ameacha chungu cha maharage motoni. Wakatembea mpaka Kirotshe, mpaka majini, na yule bwana akaingia kwenye mtumbwi bila hata kugeuza shingo. Waliporudi jua lilikuwa limezama na maharage yalikuwa makaa.

Tuliicheka hadithi hiyo kila Noeli. Katika familia yetu, mtu akihubiri muda mrefu bila kufika mwisho, kuna atakayenong'ona, "Sema neno, turudie." Mtoto aliyekuwa mgongoni ni baba yangu.

Kwa hiyo nilipofika kwenye sura ile, nilimjua mwandishi kabla sijageuza ukurasa wa kwanza. Ziwa lilikuwamo. Kirotshe ilikuwamo, ingawa jina alilikosea. Mihogo ilikuwamo, na kitanda, ambacho alilalamika kuwa kigumu. Kisha akaeleza kwamba asubuhi watu walianza kumfuata. Aliposimama walisimama, alipotembea walitembea, wala hawakusema walichotaka. Alimtaja mama mwenye mtoto mgongoni, ambaye macho yake hayakuondoka kwenye mfuko wa bwana huyo. Aliukumbatia mfuko huo kifuani mpaka ziwani na hakuthubutu kuangalia nyuma. Akawaita wezi wavumilivu.

Nilifunga kitabu. Maziwa yalikuwa yamepita joto lake na jibini ya siku hiyo ikaharibika, jambo ambalo kwangu halitokei. Nilikasirika kwa namna ambayo wafanyakazi wenzangu wananijulia, yaani sikusema kitu, na kila mmoja akatafuta kazi ya kufanya nje.

Jumapili nilipanda kwa baba na kitabu kikapuni. Baba yangu ni mzee wa kanisa na mkulima wa maharage na mihogo. Tumeuhama mlima ule wakati wa vita na kuurudia, kama kila mtu wa huku, na kila tukirudi yeye huanza kulima kabla ya kutengeneza paa. Mimi nilipewa jina la mama yake, kwa hiyo tangu nizaliwe hajawahi kuniita jina. Ananiita Mama.

Nilimkuta uani akipukuchua maharage. Nikakaa, nikamtafsiria sura ile sentensi kwa sentensi. Mwanzoni alifurahi kama aliyetembelewa. Alicheka kwenye kijito, akacheka kwenye njia panda, akaita majirani waje wasikie kwamba mama yake yuko ndani ya kitabu cha bazungu. Kisha nikafika kwenye mfuko, na kwenye yale maneno mawili. Akaniomba niyarudie. Nikayarudia. Mkono wake ulibaki ndani ya maharage.

"Mwizi gani anabeba mutoto mu mugongo?" aliuliza.

Majirani waliaga mmoja mmoja, naye kwa mara ya kwanza hakuinuka kuwasindikiza.

Tulipobaki wawili aliniuliza kama kweli naenda kulala kwa watu wanaosema mama yake ni mwizi. Nikamweleza kwamba si wao walioandika. Akasema walikinunua, wakakipenda, wakakituma. Nilikuwa na majibu, lakini sikuyatoa, kwa kuwa kwa upande wangu nilikuwa nimeshakasirika hivyo hivyo. Ila nilikuwa na shida nyingine. Baba ameweka mkono juu ya kichwa cha kila mmoja wetu kabla ya kila safari, hata ya kushuka Goma kununua chumvi, na sijawahi kutoka bila mkono huo. Sikuwa tayari kujaribu kwa mara ya kwanza na ndege.

Alijua ninachongoja. Akafuta mikono kwenye suruali yake.

"Utabaambia kama tulikuwa namusindikiza," alisema. "Na ile neno alikosa kusema, utabaambia nayo. Weye njo uko na jina yake, Mama. Nani mwengine atasema?"

Nikaahidi. Ndipo akaweka mkono, na maombi yake siku hiyo yalikuwa marefu, wala sikumnong'onezea aseme neno.

Baada ya hapo sikukisoma tena kitabu kile kama zamani. Nilirudi kwenye zile sura za Uswisi na kuzisoma upya kwa jicho la mama mkwe. Kama huyu alikaa kwetu, akala, akalala, halafu akaona wezi, basi yule mwingine aliyeona watu wakavu aliona nini hasa? Labda na wao wana neno lao ambalo yeye hakulijua. Kila mahali mwandishi aliposema watu wa kule wako hivi au vile, niliweka alama ndogo ya kuuliza kwa penseli. Kitabu kikajaa alama. Nadhani hapo ndipo nilipoanza kujiandaa kweli, maana kabla ya hapo nilikuwa nakariri tu.

Siku ya kuondoka nilitokea nyumbani kwa baba, na watu wa mlimani walinisindikiza. Barabara siku hizo ilikuwa imetulia lakini hakuna aliyejua itatulia mpaka lini, kwa hiyo nikasema neno mapema, palepale kwenye kijito. Wote walisimama isipokuwa baba. Alijifanya hasikii, akaendelea na begi langu kichwani mpaka barabarani ambako pikipiki ilikuwa ikingoja. Nikalisema tena kwa ajili yake peke yake, naye akanitazama, akarudi.

Bonde lile la Uswisi ni zuri, na sitalieleza sana, kwa kuwa wameshalieleza wengi. Nitasema ya salamu. Siku ya kwanza nilitembea kwenye kijia chao na kweli watu walinipita kimya. Nilianza kuchemka. Halafu nikakumbuka kwamba hata kwetu anayefika ndiye anayesalimu, anayekutwa hujibu. Nikamsalimu mzee mmoja mwenye fimbo. Akajibu, akasimama, akanieleza habari za goti lake, za ng'ombe wake na za goti la ng'ombe wake, mpaka nikatafuta njia ya kumkimbia. Yule msafiri wa kitabuni alikuwa ametembea kutwa nzima akingoja kusalimiwa kama mwami mbele ya raia wake.

Ya mlangoni ilikuwa kweli, na ingawa nilionywa, iliniuma. Tulikwenda kwa majirani, tukala, tukaagwa kizingitini, mlango nyuma yetu ukafungwa. Nilinuna mpaka kesho yake. Jioni iliyofuata wageni walikuja kwetu, wakaagwa vilevile, na mimi nikabaki ndani nikatazama wenyeji wangu wanafanya nini. Mume na mke, yule mama aliyenitumia kitabu, walikwenda dirishani. Walisimama pale mpaka wale wageni walipopinda kona ya mwisho, na mke akapunga mkono ingawa hakuna aliyemwona. Ufunguo walizungusha kwa sababu upepo wa kule hufungua mlango. Basi nikafuta alama yangu ya kuuliza na kuandika kwamba watu hawa husindikiza kwa macho.

Kwa hiyo nikawapenda, na kuwapenda kukafanya ahadi yangu kuwa nzito. Nakala ya kitabu kilekile ilikuwa kwenye rafu yao, na mume aliniambia kwa furaha kwamba sura ya ziwa letu ndiyo aliyoipenda tangu ujana, kwa jinsi inavyotisha. Nilitabasamu kwa meno tu. Kila nilipotaka kusema niliona mkono wao ukinisogezea sahani, na neno likarudi tumboni. Halafu nikaona mkono wa baba ndani ya maharage.

Jumapili yangu ya mwisho walialika majirani baada ya ibada. Mezani waliweka jibini yao na yangu, niliyoitengeneza kule juu kwa maziwa ya ng'ombe wao na kwa namna ya kwetu. Yangu iliisha kwanza. Niliutazama ubao wake wa kukatia, mtupu sasa, mara kadhaa na nadhani wote waliniona. Mume akaniuliza, mbele ya watu, ni sura ipi ya kitabu iliyonisaidia zaidi kujiandaa.

Nikamwomba akilete. Nikaanza na maharage yaliyoungua, jinsi tunavyosimulia Noeli, na wakacheka mahali tunapocheka sisi. Nikawaambia mtoto wa mgongoni sasa ana mvi na analima. Wakacheka tena. Ndipo nikafungua ukurasa na kuwasomea mstari ule kwa lugha yao, na kicheko kikakatika. Kifaransa changu ni cha shule, nilikisema polepole na sikuomba radhi. Nikasema huyo mwanamke ni koko wangu na jina lake ninalo mimi. Nikasema hakuwa anautazama mfuko wa mgeni. Alikuwa anatazama mgongo wake, akingoja ageuke amwambie arudi kwenye chungu chake.

Mama mwenyeji akauliza mgeni alipaswa kusema nini, nami nikamwambia. Akajaribu, ikamshinda, akajaribu tena, na yule mzee wa goti naye akajaribu kutoka upande wa pili wa meza. Mume hakujaribu. Aliinuka akatoka, na nikajua nimemkasirisha, na nikajiandaa kumkasirikia pia. Alirudi na kalamu. Akaniwekea kitabu chake mbele yangu, kwenye ukurasa ule, akaniomba niandike pembeni kile ambacho msafiri hakukijua. Nikaandika kwa herufi kubwa kwamba walikuwa wanamsindikiza, na chini yake nikaweka lile neno. Chini kabisa nikaandika jina langu, ambalo ni la koko.

Asubuhi ya kuondoka gari la kunipeleka stesheni lilikuwa tayari uani, lakini mume alilipita. Alikuwa na begi langu begani. Mke alifunga mlango, akanishika mkono, tukaanza kushuka kwa miguu. Kwenye nyumba ya pili majirani walitoka wakajiunga nasi bila kusema kitu. Nyumba iliyofuata vilevile. Nikadhani gari limeharibika na wanaona aibu kuniambia. Kwenye daraja nilisimama kufunga kamba ya kiatu, nao wote wakasimama. Nikatembea, wakatembea. Nikasimama tena, makusudi, nao wakasimama wakitazama majani.

Hapo nikaelewa wanangoja nini.

Neno lilikuwa mdomoni mwangu, tayari kabisa, nami nikalimeza. Mgeni mwenye adabu angelisema pale darajani. Lakini koko wangu alitembea mpaka majini na mtoto mgongoni, na mteremko mmoja wa Uswisi hautaua mtu. Nilinyoosha shingo nikaendelea mbele, na nyuma yangu nilisikia viatu vyao vikija. Nilimhurumia mzee wa goti tu. Nikamgeukia nikamwambia arudi, akakataa, akasema atarudi wengine wakirudi. Sijawahi kutembea kwa fahari kama ile, hata siku ya harusi yangu.

Tulipofika stesheni, treni ilikuwa inaonekana kwa mbali. Nikasimama, nikageuka. Nilimtazama kila mmoja usoni bila haraka, tangu mume mwenye begi mpaka mzee aliyekuwa anahema.

"Murudie sasa," niliwaambia.

Tukapeana mikono. Mama mwenyeji alilia na mimi nikalia, na hatukufichana. Kisha wakarudi, wote pamoja, wakipanda mteremko ule polepole.

Ndani ya treni nilimpigia baba. Ilibidi nirudierudie, mtandao wa mlimani kwetu unakuja na kuondoka. Nikamwambia nimewaambia, yote, na kwamba walinisindikiza.

"Balikufikisha wapi?" aliuliza.

"Mpaka ku gare ya treni, Papa. Kwa miguu."

Nilidhani mtandao umekatika.

"Na uligeuka?"

"Niligeuka. Nilibaangalia bote."

Nilimsikia akivuta pumzi, na nyuma yake kuku wa uani kwetu. Kisha akaniambia, kwa sauti ile anayoitumia akiwa ameweka mkono juu ya kichwa cha mtu:

"Basi rudia sasa, Mama."